Albamu ya Bibi: vifaa nilivyochukua na nilivyoviacha dukani

Picha za ukoo zimeshakusanyika. Baadhi zilikuwa kwenye bahasha chini ya kanga za bibi, nyingine zimeng'ang'ania kwenye ile albamu ya zamani yenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika juu. Kabla sijabandika chochote kwenye albamu mpya nitakayoishona, natafuta vifaa, na msimamo wangu ni mmoja: hela iende kwenye karatasi na gundi. Stika za maua, riboni na lulu za plastiki zitasubiri, na zisipopatikana kabisa hakuna atakayelia.

Jumamosi, Ngamiani, Tanga

Kwenye steshenari muuzaji alinitandikia kaunta nzima vitu vya kumetameta. "Dada, hizi ndizo wanazochukua watu wa harusi." Nikamwambia, "Asante kaka, mimi nataka karatasi ambayo mjukuu wangu ataikuta bado nyeupe." Akacheka, akaenda nyuma kuniletea manila.

Gazeti linageuka njano haraka kwa sababu limebaki na lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu. Mwanga na hewa vikiipata hubadilika rangi na kutoa asidi, na asidi hiyo huhamia kwenye chochote kilicholaliwa nayo. Kwa hiyo karatasi ya albamu inatakiwa isiwe na asidi wala lignini, na pakiti nzuri huandikwa hivyo. Uzito nao uangaliwe. Karatasi ya rimu ya kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, inajikunja ukiweka picha mbili tu. Nimechukua nyeupe ya gramu 200.

Wenzetu Marekani hupenda kurasa za mraba za inchi 12 kwa 12. Sikuhangaika kuzitafuta. A4 inanitosha: picha mbili za postikadi, sentimita 10 kwa 15, zikilala moja juu ya nyingine zinachukua sentimita 20 za urefu, na zinabaki zaidi ya 9 za kuandika nani ni nani. Hapo pa kuandika ndipo pana thamani kuliko riboni.

Mifuko ya plastiki ya kuhifadhia picha niliinusa mmoja mmoja, muuzaji ananitazama tu. Ile yenye harufu kali ya plastiki mpya niliirudisha. Mara nyingi hiyo ni plastiki aina ya PVC, na PVC huharibu picha taratibu. Ya polipropilini haina harufu.

Jumanne jioni

Nimekata vipande vya gazeti, manila ya bluu na karatasi nyeupe, nusu nikafunika kwa kitabu, nikaviacha dirishani kwenye jua. Gazeti limeshika rangi ya chai ya maziwa. Bluu imepauka upande uliokuwa wazi. Nyeupe haionyeshi kitu. Basi rangi zitakuwa za kupambia pembeni tu, picha zitalala kwenye nyeupe. Na kipande cha gazeti alichotunza babu kitatolewa kopi kwenye karatasi nzuri. Chenyewe kitakaa kwenye mfuko wake peke yake.

Gundi ndiyo iliyonichukulia muda. Supaglu na gundi ya viatu hapana, dawa zake ni kali. Uji wa unga wa ngano unashika vizuri, lakini kwa joto na unyevu wa Tanga ni kuwaandalia mende karamu. Selotepu ya kawaida hukauka ikaacha doa la kahawia. Nimechukua gundi ya stiki isiyo na asidi, ila kwa picha za zamani hata hiyo haitagusa picha. Nakata ukanda wa karatasi sentimita 3 kwa 1.5, nakunja ncha zote mbili zikutane katikati chini, inatoka pembetatu yenye mfuko. Kona ya picha inaingia humo, gundi inapakwa mgongoni mwa pembetatu. Siku mtu akitaka kuitoa picha akaisafishe upya, anaichomoa tu.

Zana ni chache: kisu chenye wembe wa kusukuma, rula ya chuma (ya plastiki huliwa na wembe), ubao wa kukatia, mkasi mmoja wenye makali. Mikasi ya kukata mawimbimawimbi niliiacha. Kalamu niliijaribu kwa kuandika, kusubiri ikauke, kisha kupitisha kidole kilicholowa; iliyotoka rangi haikuingia kwenye kikapu. Nyuma ya picha ni penseli laini tu, bila kukandamiza.

Alhamisi

Nimeanza kuzinasua zile zilizoganda. Nyuma ya picha ya babu amesimama mbele ya korona, ile mashine ya kuchakata majani ya katani, gundi imekuwa ngumu kama kucha. Ninapitisha uzi wa meno chini ya kona, nauvuta kushoto na kulia polepole, picha imelala chali bila kukunjwa. Inayokataa naiacha hapo hapo naipiga picha kwa simu. Kulazimisha ni kuichana.

Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya katani, zao lililoletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, kwa hiyo ningependa albamu ishonwe kwa kamba ya katani. Lakini katani nayo ina lignini. Itafunga jalada kwa nje tu. Ndani natumia uzi wa pamba.

Kwa matundu nilikwenda kwa fundi viatu. "Shikamoo mzee, naomba kuazima msharasi." "Marahaba. Unashona kiatu gani?" Nilipomwonyesha kurasa, alitoboa mwenyewe, kisha akanikumbusha kuweka vipande vyembamba vya karatasi kwenye mgongo kati ya kurasa, maana picha zikiingia kitabu kitavimba mbele.

Kurasa zimetobolewa, uzi upo. Kinachonikwamisha ni majina: kwenye picha ya harusi kuna wanawake wawili waliosimama nyuma, na bibi anasema anayewajua ni shangazi wa Makorora. Jumapili nakwenda kwake na penseli.