Mama na kibla cha Córdoba

Waipa zilianza kufuta kioo kikavu tulipotoka tu Madrid. Kule Hispania usukani uko kushoto na indiketa iko mkono wa kushoto, nami miaka yote naendesha gari la Kijapani hapa Dar, indiketa kulia. Basi kila nikitaka kupinda, waipa. Wanangu walicheka mpaka Toledo, kilomita sabini hivi. Mama, kiti cha nyuma, alisoma dua ya safari, na hakuisoma mara moja.

Toledo tulikaa nusu siku tu, baridi ya Desemba inakata masikio. Mji uko juu ya jabali na mto Tajo umeuzunguka pande tatu. Tuliingia katika sinagogi moja la zamani, Santa María la Blanca, lenye matao ya umbo la kwato ya farasi, kama ya msikitini. Walijengewa Mayahudi, kwa ufundi wa Waislamu, kisha Wakristo wakalifanya kanisa. Kijana wangu hakuona lolote kati ya hayo. Alitaka upanga, maana Toledo ni mji wa panga na kila duka linazo. Hakupata.

Ukishaipita njia ya milimani ya Despeñaperros kuingia jimbo la Andalusia, mizeituni inaanza, safu kwa safu, kilima baada ya kilima, mpaka macho yanachoka. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Watu wametandika nyavu chini ya miti, wanayapiga matawi kwa fimbo. Mama alikulia Pemba, kwao karafuu ndiyo shule, karafuu ndiyo sikukuu. Akawatazama kwa muda. "Hawa wanapiga," akasema. "Sisi tulipanda." Kutoka hapo mpaka Córdoba tulisikia habari za mikarafuu ya Wete, nani alianguka, nani alichuma pishi ngapi. Redio haikuwashwa tena.

Córdoba ndiyo aliyoijia. Habari za Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, alizisikia darsani tangu msichana, na mimi, kusema kweli, nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa nimeshamwambia kuwa kuswali ndani ya msikiti wa kale wa pale hairuhusiwi. Amiri Abdurahman wa Kwanza aliuanza msikiti ule mwaka 785, baada ya kuikimbia Sham (Syria) ukoo wake wa Banu Umayya ulipouawa. Mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236 msikiti ukageuzwa kanisa, na katika karne ya 16 wakajenga kanisa kuu katikati yake. Ukiingia ni giza kidogo, halafu nguzo. Nguzo zaidi ya 850, na juu yake matao ya mistari myekundu na myeupe yanayokwenda mpaka huoni mwisho. Binti yangu alianza kuzihesabu, akaishia sitini na kitu.

Mama alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya mihrabu, kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa kuswalia. Akasimama, midomo inacheza. Kisha akamwomba mjukuu simu yenye dira. Akaigeuza simu, akaugeuza na mwili wake, akaitazama tena mihrabu.

"Kibla chao kimepinda."

Na kweli. Kutoka Córdoba Makka iko karibu na mashariki, lakini mihrabu ile imeelekezwa kusini. Jioni nikamweleza kuwa baadhi ya watu wanasema ni athari ya Damascus, makao ya zamani ya Banu Umayya, maana ukiwa Damascus kibla ni kusini. Akanyamaza. "Kwetu kaskazini," akasema baadaye, na hakuongeza neno. Machozi hayakuja. Usiku ule aliswali chumbani, kwa dira.

Sevilla ilikuwa ya watoto. Barabara zimejaa michungwa iliyozaa, na wapita njia hawayachumi machungwa yake. Tulielewa sababu kijana alipong'ata moja. Ni machungu mno! Mnara wa Giralda, uliokuwa wa msikiti, unapandwa kwa njia ya mteremko, ngazi ni chache tu kule juu. Inasemekana muadhini alikuwa akipanda juu ya mnyama. Mama mwenye magoti yake alifika juu polepole, mimi niko nyuma nahema.

Sokoni Mama aligundua mchezo, maneno ya Kihispania yanayofanana na yetu. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, bilinganya ni berenjena. Basi akawa anazungumza Kiswahili chake kwa sauti kubwa na muuzaji anamjibu Kihispania, na wote wawili wameridhika. (Meza na bendera nazo zipo, ila hizo sisi tulipewa na Wareno, mlango mwingine kabisa.) Alasiri maduka yanafungwa watu wakalale, na hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kwenda Mji Mkongwe saa nane mchana. Chakula cha usiku ndicho kilichotushinda: saa tatu ndipo jiko linachangamka, watoto wameshalala juu ya meza.

Granada, kuta za kasri la Alhambra zimeandikwa maneno yale yale mara zisizohesabika: wa la ghalib illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ni kauli ya wafalme wa Kiislamu waliokuja kuukabidhi mji kwa Wakristo tarehe 2 Januari 1492. Mama aliisoma kwa sauti ya chuoni, watalii wakageuka. Alfajiri ya siku ya mwisho nilimpeleka mtaa wa Albaicín, kwenye msikiti mdogo uliofunguliwa mwaka 2003, Alhambra ikiwa mbele yake ng'ambo ya bonde. Nilimsubiri nje kwenye baridi. Alipotoka alisema maji ya udhu yalikuwa ya moto, nchi hii wana akili.

Tumerudi wiki iliyopita. Jana pale Mwenge nikitaka kupinda kulia, mkono wa kushoto ukatangulia wenyewe, na waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Watoto wakapiga kelele. Mama, nyuma, alisema tu, "Mwacheni, bado hajafika."