Vijiroboti vya kunasa madini ya risasi na swali la Nkambo

Jumamosi iliyopita nilichovya kipande cha karatasi, kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, katika maji ya hamira, kisha nikakidondosha ndani ya glasi ya haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayotoa povu inapomiminwa kwenye kidonda. Kilizama mpaka chini, kikatulia kidogo, halafu viputo vikaanza kukizunguka na kukibeba hadi juu. Mpwa wangu, aliyekuwa ameegemeza kidevu mezani, aliuliza, “Mjomba, nani anakivuta?”

Hakuna anayekivuta. Ndani ya hamira mna kimeng’enya kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na oksijeni hiyo ndiyo inayokiinua. Nilitaka aone kwa macho jambo ambalo mimi nililisoma tu: jinsi mashine isiyo na betri wala waya inavyoweza kusafiri ndani ya maji.

Mwaka 2016, mtafiti Samuel Sánchez na wenzake walieleza vijiroboti vyenye umbo la bomba, vyembamba kuliko unywele, vilivyotengenezwa kwa tabaka tatu. La ndani ni la platini, ambayo huivunja peroksaidi kama hamira yetu ilivyofanya, viputo vikatoka upande mmoja wa bomba na kulisukuma mbele. La kati ni la nikeli, ili bomba liweze kuongozwa kwa sumaku. La nje ni la oksaidi ya grafini, utando mwembamba wa kaboni na oksijeni, ambayo hushika chembe za risasi, metali yenye sumu, zilizoyeyuka majini. Katika muda wa dakika 60, maji yaliyokuwa na mikrogramu 1000 za risasi kwa lita yalibaki na chini ya 50, na vijiroboti vinavyotembea vilifanya kazi mara kumi zaidi ya vile vilivyotulia. Tofauti hiyo inaeleweka: kinachotulia hungoja risasi ije yenyewe, ilhali kinachotembea huifuata, tena hukoroga maji yaliyo karibu nacho.

Kwa mtu wa Lubumbashi, jiji la madini la Kongo, habari kama hiyo haisomwi kwa utulivu. Tanuru la shaba lilianza kuwaka hapa mwaka 1911, na mlima mweusi wa mabaki yake, ambao sisi tunauita terili, unaonekana kutoka mbali. Mto wetu humwaga maji yake katika Kafubu, na Kafubu katika Luapula, kwa hiyo kinachotupwa hapa hakiishii hapa. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wa Katanga waishio karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, wakiwemo watoto.

Nilipomweleza Nkambo, mzee wetu, ambaye ana matuta ya lengalenga, yaani mchicha, karibu na kijito, hakushangazwa na platini wala sumaku. Aliuliza jambo moja: “Hivyo vidudu vyako, vikishashiba risasi, vinakwenda kulala wapi?”

Sijasikia swali zuri zaidi ya hilo juu ya teknolojia hii. Katika maabara, vijiroboti hukusanywa kwa sumaku, huoshwa kwa asidi ili viachie risasi, kisha hutumiwa tena. Lakini mtoni, mvua za Januari zinapojaza maji, nani atasimama na sumaku? Isitoshe, vijiroboti hivi vinahitaji peroksaidi imiminwe majini kwanza ndipo vitembee, na sidhani kama samaki wataishukuru. Aidha, vinanasa risasi iliyoyeyuka, ilhali sehemu kubwa ya madini ya mtoni imeganda katika tope la chini. Wapo watafiti wanaotengeneza vingine vinavyoendeshwa kwa mwanga wa jua, jambo linaloondoa tatizo la peroksaidi, ila la kuvikusanya linabaki palepale.

Hata ile 50 nisiisifu kupita kiasi, kwa kuwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10. Ninachokiona mimi ni kazi ya ndani ya birika la kiwanda, kabla maji machafu hayajafika kwenye bomba la kutokea: hapo kuna kuta, kuna sumaku, kuna mtu wa zamu, na madini yaliyonaswa yanaweza kurudishwa kazini, kama terili yenyewe ilivyokuja kuchimbuliwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake.

Basi nilimjibu Nkambo kwamba vinalala kiwandani, katika birika, na haviruhusiwi kutoka.

“Wavilaze kulekule,” alisema, akaendelea kufunga mafungu yake ya lengalenga, ambayo siku hizi anayaosha kwa maji ya kisima.