Nilivyomrudisha babu kutoka Uingereza

Kwa miezi minane hivi, ukoo wetu mzima uliamini kwamba babu aliishi Uingereza. Aliyewaaminisha ni mimi.

Ilianza na simu. Shangazi alikuwa na barua za babu kwenye sanduku, akanisomea kichwa cha moja: "Salisbury, 1957." Nikamuuliza, shangazi, bahasha ina nini? Akasema ina stempu yenye kichwa cha malkia. Basi! Nikaandika Salisbury kwenye programu ya ukoo, nayo ikanikamilishia yenyewe: Salisbury, Wiltshire, Uingereza. Nikakubali kwa kidole kimoja. Barua nyingine ilitaja kupita Broken Hill kwa treni. Programu ikampeleka Australia, jimbo la New South Wales. Sikushtuka hata kidogo. Niliandika maelezo kwamba huenda babu alikuwa baharia, nikachapisha bango la ukoo lenye mistari ikivuka bahari. Gharama yake siisemi. Ilikuwa ya kutosha, na baadaye nililipa mara ya pili.

Nilipofika kwa shangazi na kuishika bahasha kwa mkono wangu, ndipo nikasoma maandishi madogo kwenye stempu: "Rhodesia & Nyasaland". Malkia alikuwa yuleyule, ila stempu ilikuwa ya Shirikisho la nchi tatu zilizotawaliwa na Uingereza, yaani Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe), Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na Nyasaland (leo Malawi), lililodumu kuanzia 1953 hadi 1963, na makao makuu yake yalikuwa Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Na Broken Hill ya treni ni Kabwe ya Zambia, iliyopewa jina la ile ya Australia kwa sababu ya migodi. Babu hakuwahi kuiona bahari. Tangu siku hiyo nimezima ile huduma ya programu kukamilisha majina, na mtu akinisomea barua kwa simu namwomba picha ya bahasha, mbele na nyuma.

Hapo ningetulia mambo yangekwisha. Lakini nilimwendea jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa koo, akaniambia kwa uhakika wote: "Majina ya wakoloni yafute. Andika ya sasa tu, vijana waelewe." Nikaona kasema kweli. Usiku huohuo nikaamuru kompyuta ibadilishe kila Salisbury iwe Harare, na kila Rhodesia ya Kusini iwe Zimbabwe. Sekunde tatu, kazi imekwisha. Nikalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi nikakuta babu amefika "Harare, Zimbabwe, 1957". Nchi yenyewe ilipata jina la Zimbabwe 1980, na mji ukawa Harare 1982! Hilo lilikuwa dogo. Barua zake za baadaye zilikuwa na anwani "Harari, Salisbury". Mimi, katika ujuaji wangu, nilikuwa nimeshaona kwamba Harari ni kosa la tahajia, nikalisahihisha. Matokeo: "Harare, Harare". Kumbe Harari lilikuwa jina la kitongoji walikowekwa wafanyakazi Waafrika, na mji ulipochukua jina hilo, kitongoji kikaitwa Mbare. Kwa hiyo nilikuwa nimefuta mtaa alioishi babu, kitu pekee nilichokuwa nakitafuta. Binamu yangu naye alikuwa ameshaanza kuulizia nyaraka za 1957 kwa jina la Harare, wakati mji mzima kwenye karatasi za enzi hizo ni Salisbury. Utazipata wapi?

Nilirudia maingizo arobaini na kitu, moja moja, nikitazama picha za barua. Wikendi tatu. (Nakala ya akiba? Usiniulize.)

Sasa jina linakaa kama lilivyo kwenye karatasi, hata kama limekosewa, kuanzia padogo kwenda pakubwa: Harari, Salisbury, Rhodesia ya Kusini. Pembeni, kwenye nafasi ya maelezo, naandika: leo Mbare, Harare, Zimbabwe. Shirikisho nalo nimelitia kwenye maelezo, maana ukiliweka kwenye mstari, mstari unakuwa mrefu kama treni. Kisha ujanja ninaojivunia kuliko yote: naweka latitudo na longitudo. Harare iko karibu nyuzi 17.8 kusini na 31 mashariki, na hakuna bunge litakalozibadilisha.

Kitu kingine, mwaka ndio unaotawala. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, hivyo watoto wawili waliozaliwa nyumba moja, mmoja Juni na mwingine Desemba mwaka huo, wanaandikiwa nchi tofauti, na hakuna kosa. Kuna walioteseka zaidi yetu. Mtu aliyezaliwa Lemberg 1910 chini ya Austria, akakulia Lwów ya Poland, akazeekea Lvov ya Kisovieti na kufia Lviv ya Ukraine 1995, huenda hakuwahi kuhama mtaa, maana ni mji uleule. Ukimwandikia "Ukraine" kila mahali, wajukuu watatafuta cheti chake kwenye lugha isiyo yake.

Wazee wakitaja mahali kwa jina ambalo ramani hailijui, naliandika vilevile, na jina la aliyelisema na mwaka aliolisema. Sijisahihishii tena. Harari imenitosha.

Bango la pili liko ukutani kwa shangazi, na Salisbury iko mahali pake. Wageni wakija bado anawaambia baba yake alifika Uingereza. Ile Australia sikuwahi kumweleza vizuri, na sasa naogopa kuanza.