Kontena 1 au magunia 320?

Kahawa ya Moshi inayopitia mpaka wa Holili na bandari ya Mombasa hadi Hamburg hupanda lori, kisha meli, kisha lori tena, na muuzaji hubaki na hati moja tu ya usafirishaji mkononi. Wengi huamini ipo sheria moja ya dunia inayotawala safari hiyo yote. Haipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu usafirishaji wa njia mchanganyiko unahitaji nchi 30 ndipo uanze kutumika, na hazijatimia. Kinachomlinda muuzaji ni masharti ya nyuma ya hati, mara nyingi yale ya 1992 ya UNCTAD (chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo) na ICC (chama cha kimataifa cha wafanyabiashara), ambayo hati ya FIATA, shirikisho la kimataifa la mawakala wa usafirishaji, huyafuata.

Kwa hiyo soma kwanza safu ya idadi, maana fedha nyingi hupotelea hapo. Kontena la futi 20 hubeba takribani magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Kikomo cha fidia ni SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo (SDR ni kipimo cha thamani cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa). Hufuatwa kilicho kikubwa. Hati ikisema "kontena 1", kikomo ni SDR 38,400, dola elfu 50 na kitu. Kwa bei ya dola 5 kwa kilo, mzigo huo una thamani ya dola 96,000! Ikisema "magunia 320 ndani ya kontena 1", kikomo hupita SDR 213,000, ingawa hutalipwa zaidi ya hasara yenyewe. Kahawa iliyomiminwa bila magunia haina cha kuhesabu, hivyo thamani yake itangazwe na kuandikwa kwenye hati kabla mzigo haujakabidhiwa.

Ikijulikana mzigo uliharibikia wapi, kikomo cha sheria ya kipande hicho kinaweza kushika. Baharini kutoka Mombasa ni Kanuni za Hamburg, mkataba wa kimataifa wa usafirishaji kwa meli: SDR 835 kwa kifurushi au 2.5 kwa kilo. Ushahidi wako wa mahali hapo ni lakiri (seal) ya kontena. Namba yake iandikwe na kusainiwa kiwandani, mpakani na kwenye geti la bandari. Maofisa wakifungua kontena Holili, namba mpya iingizwe kwenye nyaraka hapohapo, la sivyo kila msafirishaji atamtupia mwenzake lawama.

Mpokeaji aandike uharibifu unaoonekana siku ileile. Uliojificha, ndani ya siku 6. Kwa masharti hayo ya 1992, kesi ifunguliwe ndani ya miezi 9 tu, si miaka 2 ya Kanuni za Hamburg ambayo watu huitegemea. Mazungumzo yakivutana, dai nyongeza ya muda kwa maandishi kabla miezi hiyo haijaisha.