Siku yangu moja Bugala, mimi na fundichuma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kinachoniamsha ni injini za mitumbwi ya mukene, dagaa wa huku, zinarudi moja moja, na sauti za watu wanaitana gizani kwa Kiganda na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Niko Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria, leo siku ya nne, nilikuja na feri ya kutoka Nakiwogo, Entebbe. Uganda hatuna bahari lakini hili ziwa linanitosha, ukitoka kidogo nje ya ghuba ya Lutoboka maji yanaenda tu mpaka yanashikana na mbingu.

Kazi yangu ni kuandika hadithi za watoto kwa Kiswahili. Nimekulia Arua, Kiswahili kwetu ni cha sokoni na stendi, na tangu Julai 2022 serikali ilipokubali kiwe lugha rasmi kila mwalimu ninayekutana naye anauliza vitabu viko wapi, hadithi ziko wapi, hasa zenye mambo ya huku kwetu. Ndio maana niko hapa. Nina hadithi moja imenigomea miezi minne.

Saa moja. Chai ya maziwa na chapati. Juu ya maji sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wamesimama kama moshi wa jiko, hawaumi hawa, ila ukifungua mdomo unawameza, na mbayuwayu wanapita katikati yao wanakula bila kutua.

Saa mbili mpaka saa sita nimekaa sehemu moja. Kuna mti karibu na misingi ya nyumba iliyozama maji yalipopanda 2020, na kwenye panda yake fundichuma wawili wanajenga. Unamjua huyu ndege, wa kahawia mzima, kishungi kimeelekea nyuma na mdomo mbele mpaka kichwa kinafanana na nyundo. Kwenye hadithi yangu nilimfanya mfalme mvivu anayejengewa nyumba na ndege wengine, ni kisa cha zamani hicho watu wengi wamekisikia, mhariri alinirudishia akaandika tu kwamba hakimwingii, nikakasirika sana siku ile. Leo nimemwangalia masaa manne na sijaona uvivu wowote. Alileta kijiti kirefu kumshinda yeye mwenyewe, akakiweka, hakikukaa, akakitoa, akakigeuza, akakichomeka upande wa pili, akasimama kukitazama, ndipo akaondoka. Mwenzake akaja na tope mdomoni akaingia kwa ule mlango wa chini, akakaa ndani muda, akatoka kifua kimechafuka. Kiota kimeshakuwa kikubwa kuliko pipa na bado wanaleta, nyasi, gamba la mti, hata kipande cha wavu wa buluu. Daftari nilikuwa nalo mapajani na sikuandika kitu, nilisahau kabisa.

Saa saba. Nimekula ngege, yaani sato, na matoke kwa mama mmoja anayeanika mukene hapo ufukweni. Nikamuuliza, mama, hawa ndege watataga lini kwenye hiyo nyumba? Akaendelea kutandaza samaki wake kwa mkono, akasema, "Nyabo, nani amekwambia watataga humo? Hao wanajenga tu. Ile kule waliimaliza, hawakulala hata siku moja, sasa ni ya kenge." Akanionyesha kwa kidevu. Kweli, nyumba nzima iliyokamilika, kwenye mti mwingine, hatua kama hamsini, na mimi nilikuwa napita chini yake kila siku.

Nimekuja kujua kwamba ndivyo walivyo, wanaweza kujenga kadhaa kwa mwaka mmoja, nyingine hawazitumii kabisa, anaingia bundi, wanaingia nyuki. Hii imenishika vibaya. Mimi nyumbani nina madaftari kumi na moja ya hadithi ambazo hazikwenda popote na kwa miaka nimekuwa nikiyahesabu kama hasara, kama muda niliomnyima mwanangu. Nilikaa kwenye mchanga nikayafikiria moja moja. Lile la 2016 lina bibi mwenye mbuzi kipofu, hadithi yenyewe ilikufa, lakini yule bibi alikuja kuingia kwenye kitabu changu cha pili na ndiye watoto wanayemwulizia.

Saa tisa. Nimetembea juu kidogo, zamani msitu ulikuwa unaanzia huku, sasa ni michikichi kwa mistari, mstari baada ya mstari, na ndege ni wachache, kimya chake hakipendezi. Nimerudi haraka.

Saa kumi na moja jioni nimeandika. Mfalme nimemtoa. Sasa ni fundi na mkewe, manake jina lenyewe la Kiswahili lilishaniambia ni fundi, nilikuwa nalisoma tu silisikii. Kurasa tatu bila kunyanyua kichwa mpaka herufi zikawa hazionekani.

Saa tatu usiku. Hakuna mwezi, mitumbwi imetoka tena na taa zao zimejaa ziwani kama mji mwingine. Nimefika hapa: "Fundichuma alipomaliza nyumba ya saba, kenge akaja kupiga hodi." Feri inaondoka kesho saa mbili asubuhi na tiketi ninayo lakini sipandi, nimeshampigia dada, mtoto atabaki kwake siku mbili zaidi.