Bangili za mwimbaji zisipige kelele

Miaka sita nilikaa kwenye meza ya baba mdogo pale Kisutu nikichonga pete za ndoa na kuunga mikufu iliyokatika. Nilidhani usonara nimeshaumaliza, mpaka alipoingia mwimbaji mmoja wa taarabu akitaka bangili saba za fedha, zote za mkono mmoja.

Nilizitengeneza kama nilivyofundishwa. Fedha ya 925, yaani katika kila gramu 1000 shaba ni 75 tu, nikaivuta kwenye chamburo, lile bamba la chuma lenye matundu ya kupitishia waya, mpaka waya ukabaki unene wa milimita tatu, nikaukunja, nikatia lihamu, nikang'arisha. Zilipendeza kweli. Ijumaa akapanda nazo jukwaani, Jumamosi asubuhi yuko mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, bangili zako zinaimba kuliko mimi."

Alikuwa amezivaa mkono wa maikrofoni. Kila akiinua mkono zinagongana, hadi fundi mitambo akamwomba azivue wimbo ukiwa katikati.

Nilikaa nazo siku tatu. Mwisho nikaweka vijiti vya fedha, vifupi kama punje ya mchele, kati ya bangili na bangili, nikaviunga. Kwa mbali unaziona saba, kumbe ni kitu kimoja chenye uwazi upande wa chini ili mkono upite. Kingo nikazipiga msasa mpaka ule laini kabisa, maana mtandio wa mtu aliyekuja kutuza ukinasa pale, wataaibika wawili.

Yeye ndiye aliyenitangaza. Baada yake akaja kijana wa Bongo Fleva, anataka cheni nene yenye kidani cha jina lake, cha fedha tupu. Nikampigia hesabu: kipande cha sentimita nane kwa nane, unene milimita nne, kinapita robo kilo. Ukiruka nacho saa nzima kitakutwanga kifua. Nikamshauri tukifanye chenye uwazi ndani, mabati mawili membamba yaliyoungwa pembeni. Kazi hiyo ina mtego wake: lazima uache kitundu, mimi hukificha nyuma karibu na pete ya kupitishia cheni. Hewa iliyofungiwa ikipata moto wa kuungia hutafuta njia yenyewe, na ukiwa umeinama hapo, uso wako ndio uko njiani.

Nilikosea kwenye kung'arisha. Nilikifanya kama kioo, na kwenye video kikatoka cheusi, kwa sababu kioo huonyesha kilicho mbele yake na ukumbi ulikuwa giza. Nikakirudia kwa nyundo yenye kichwa cha duara, nikakijaza vibonde vidogovidogo. Sasa akitingisha mwili, kila kibonde kinashika taa kivyake.

Hasara kubwa niliipata kwa tanzanaiti. Mteja aliniletea pete niipanue, kesho yake anarekodi video, nami kwa haraka nikapeleka moto bila kutoa jiwe. Tanzanaiti haipendi joto la ghafla. Nilisikia "tik" moja tu. Nililipa jiwe lile kwa miezi minne.

Kuhusu malipo, nachukua nusu kabla ya kuwasha moto. Wapo wanaotaka kulipa kwa kunitaja kwenye mitandao. Mwenye nyumba wangu nilishamuuliza, hapokei kutajwa.

Siku hizi kitu cha jukwaani hakitoki kabla sijakitikisa karibu na simu inayorekodi, kisha nikasikiliza. Juzi mama wa taarabu amerudisha bangili zake, kijiti kimoja kimeachia lihamu. Nilizitikisa, zikalia kidogo sana, ambavyo mtu wa kawaida asingesikia. Yeye amesikia. Kesho ni Ijumaa, kwa hiyo usiku huu siendi kulala mapema.