Tanga, Muheza, Pangani: mzunguko ninaoupanga kwa upepo

Kama ni Julai, anza na Muheza. Kama ni Januari, anza na Pangani. Ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza kuhusu mzunguko huu wa baiskeli, na wengi hudhani nawafanyia mzaha. Njia nzima ina kilomita 130 na ushei, ila utakaporudi nyumbani utakachokikumbuka ni kipande cha pwani, zile kilomita 50 kati ya Pangani na Tanga. Sehemu kubwa ya pale ni wazi, hakuna kilima cha kukukinga. Kusi, upepo wa kusini wa miezi kama Julai, ikivuma, anayetoka Pangani kuja Tanga anasukumwa mgongoni. Kaskazi, ule wa kaskazini wa miezi kama Januari, ikishika zamu, mtu yuleyule anakanyaga pedeli kama amefungiwa gunia la mchanga nyuma. Wavuvi wanapanga safari zao hivyo tangu enzi za mababu. Sisi wa baiskeli tunajitia kuwa tuna miguu.

Safari ninayoieleza ni ya Julai, kwa siku mbili, nikilala Pangani. Wapo wanaoimaliza kwa siku moja. Sibishani nao, lakini Pangani wanaipita tu, hawaioni.

Baiskeli yangu ni ya gia ya kawaida, ya mtumba, tairi za unene wa kati. Tairi nyembamba za mashindano ziache nyumbani, kwa sababu baada ya Muheza lami inakwisha. Nilibeba tyubu mbili za akiba, viraka, pampu, spana ndogo na chupa tatu za maji. Mafundi baiskeli wapo kila senta, ila tyubu walizonazo ni za baiskeli za Phoenix, na saizi hiyo haiingii kwenye ringi yangu.

Nilitoka Tanga alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Njia ya Muheza ndiyo barabara kuu ya kwenda Segera, kwa hiyo mabasi na malori yote ya Tanga yanapita hapo. Ukichelewa, kila lori linalokupita linakuachia upepo wa kukuyumbisha. Nikapita Pongwe jua likichomoza, kisha Mkanyageni. Njia inapanda, lakini kwa adabu, huhisi mpaka uangalie gia uliyo nayo. Muheza iko karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari, na ukikaribia unaanza kuiona milima ya Usambara imevaa mawingu. Nikanywa chai ya rangi na chapati za maharage. Nikanunua machungwa. Ukipita Muheza msimu wake bila kununua machungwa watu watakushangaa.

Kutoka Muheza kwenda Pangani ni kama kilomita 45 za udongo. Nilipunguza upepo kidogo kwenye tairi zote mbili, baiskeli ikaacha kurukaruka. Usijaribu kipande hiki wakati wa masika. Ule udongo mwekundu unajaa kwenye breki na matopegadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Julai ulikuwa mkavu. Kwa haki niseme kwamba hapa kusi inakukabili, maana unaelekea kusini mashariki, lakini unateremka, na michungwa na minazi inaukata upepo.

Halafu unaingia kwenye mkonge. Mistari iliyonyooka inakwenda mpaka macho yanachoka, na kila unavyosonga inajifungua na kujifunga pembeni yako. Ukiwa karibu na korona, mashine ya kukamua mkonge, pua ndiyo inayokuambia kwanza: harufu kali, chachu, ya maganda mabichi yaliyokamuliwa. Nilisimama pembeni ya uwanja wa kuanikia. Singa nyeupe zilikuwa zimetundikwa kwenye waya, safu kwa safu, na vijana wakizipiga kuzitenganisha ili zisikauke zikiwa zimeshikana. Mmea huu hapa ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalianzia kwenye hiyo 62.

Pangani nilifika adhuhuri. Nikaoga, nikalala, jioni nikashuka mtoni na baiskeli.

Mto huu unakusanya maji kutoka Kilimanjaro na Meru, na hapa ndipo unapoyakabidhi kwa bahari. Maji yakiwa yanakupwa unaona mpaka wenyewe: upande huu rangi ya chai ya maziwa, upande ule buluu, na ngalawa zinapita katikati. Nyuma yako kuna nyumba kongwe zenye milango ya nakshi, nyingi zimechoka. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa ikiishia hapa, na ni hapa Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889. Mji mtulivu kiasi hiki, ukikaa barazani huwezi kuamini.

Nikapanda pantoni kwenda Bweni, kwa ajili tu ya kuutazama mji kutoka ng'ambo. Pembeni yangu alisimama mzee na Phoenix yake, tenga la samaki limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, maji yakidondoka kwenye mnyororo. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaikagua baiskeli yangu kuanzia tairi hadi tandiko.

"Mgosi, hii haina keria?"

"Haina, mzee."

"Sasa unabebea wapi?"

Nikamwambia sibebi kitu, natembea tu. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akanipa pole.

Kesho yake sikuharakisha. Kusi asubuhi huwa bado imelala, inaanza kuchangamka jua likipanda, kwa hiyo niliondoka kama saa tatu hivi. Njia hii ya Pangani hadi Tanga kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi. Ujenzi wa lami umebadilisha mambo. Kufika Kigombe upepo ulikuwa umeshika kazi. Nilikuwa kwenye gia nzito, sihemi, minazi yote imeinama kuelekea ninakokwenda. Nikanywa dafu mbili, nikaendelea.

Tongoni nilichepuka kidogo kushuka baharini kwenye magofu. Kuna mabaki ya msikiti na makaburi mengi, mengine ya nguzo, chini ya miti. Maji ya mbele yake ndiyo yale ambako mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma moto meli yake São Rafael kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha.

Toka Tongoni mpaka mjini haifiki kilomita 20, na kwa kusi ile nilizimaliza bila kutafuta pumzi. Kuingia Tanga punguza mwendo, bodaboda wanachomoka kila uchochoro. Ukifika, kabla hujakaa kula, osha mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe, upake mafuta. Chumvi ya pwani haisubiri kesho.